Injini Ikigonga, Nani Alipe?



Sisi tunaoendesha pikipiki hapa mpakani Busia, lilikozaliwa jina la boda boda enzi za baiskeli, tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidharau: mlio wa injini.

Mambo huwa hivi. Asubuhi mwenzetu anawasha pikipiki, anasikia mgongo ambao jana haukuwapo. Anampigia tajiri simu. Tajiri anajibu, "Endelea tu, mradi inakwenda." Jioni hesabu inatakiwa kamili. Baada ya wiki mbili injini inakufa njiani, na tajiri yule yule anasema, "Umeiua wewe, utalipa."

Sisi tunasema wazi: mlio ni taarifa. Aliyepewa taarifa akaipuuza ndiye abebe gharama. Lakini ili hoja hii isimame, ni lazima sisi wenyewe tujue kusikiliza. Dereva anayesema tu "inapiga kelele" hana ushahidi. Anayeeleza inagonga wapi, saa ngapi na kwa namna gani, hazungushwi na tajiri wala na fundi.

Tuanze na yaliyo rahisi. Pima oili, pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Injini zetu ndogo hubeba oili ya lita moja hivi, kwa hiyo hata upungufu mdogo ni hatari. Kaza nati zinazoishika injini na zile za ekzosi. Tazama mnyororo wa gurudumu la nyuma: ukilegea hupiga kifuniko chake, na mtu akadhani ni injini. Kisha washa, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini, mbali na vitu vinavyozunguka, na weka mpini karibu na sikio. Mahali mlio unapokuwa mkali zaidi ndipo pa kutazama kwanza.

Tik-tik nyepesi juu kwenye kichwa cha silinda, inayoongezeka kasi kadiri injini inavyokwenda mbio, mara nyingi ni tapeti zilizolegea. Hizo hupimwa kwa fila injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, kwa kufuata kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Msizibane mpaka mlio uishe kabisa, maana vali isiyofunga vizuri huungua.

Mkwaruzo ubavuni mwa silinda, hasa ukiachia mafuta, hutokana na cheni ya taimingi au kikaza chake. Mlio wa pu-pu-pu karibu na ekzosi ni gasketi inayovuja. Mlio ukibadilika unaposhika klachi, tafuta upande wa klachi na gia. Mgongo unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto, huonyesha pistoni na silinda zimelika.

Lakini mgongo mzito tumboni mwa injini, unaozidi ukipanda mlima na abiria, huo mara nyingi ni beringi ya konrodi. Hapo zima, shuka, usukume. Ikivunjika, injini yaweza kukwama ghafla, gurudumu la nyuma likafunga, na dereva pamoja na abiria wake wakaanguka barabarani. Kutia oili nzito ili mlio usisikike si matengenezo. Ni kumziba mgonjwa mdomo asilie.

Basi nani alipe? Tajiri wengi husema dereva si mwajiriwa, ni mtu aliyekodi pikipiki tu. Tunauliza: anayepanga hesabu ya kila siku, na anayeweza kuchukua ufunguo saa yoyote apendayo, si mwenye amri? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Unasema pia kwamba anayejiondoa kwenye kazi kwa kuwa ana sababu ya haki ya kuamini ina hatari kubwa iliyo karibu, asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka miongoni mwa mikataba yake ya msingi. Nasi hatuoni sababu ya haki hiyo kuishia kwenye geti la kiwanda.

Hata hivyo tujisahihishe. Wapo kati yetu wanaopitisha muda wa kubadili oili, wanaovuta mafuta kwa nguvu injini ikiwa bado baridi, na wanaopakia watu watatu na gunia juu. Mwenye kuharibu kwa uzembe wake hawezi kujificha nyuma ya chama. Haki haisimami juu ya uzembe.

Kwa hiyo tunataka makubaliano ya maandishi kati ya dereva na tajiri, yenye mambo matatu. Kwanza, oili, tapeti na mnyororo vikaguliwe kwa wakati, dereva atoe mikono na tajiri atoe fedha. Pili, mlio wowote mpya uandikwe siku hiyo hiyo pamoja na kilomita zilizosomwa, na kuanzia hapo uharibifu utokanao na kuchelewa uwe wa tajiri. Tatu, siku pikipiki inapolala kwa fundi, hesabu isidaiwe.

Wakati tukidai hayo, kila steji ichange inunue fila moja na daftari moja. Fila itatusaidia kujua ukweli wa injini, na daftari litautunza ukweli huo mpaka siku ya kuutetea. Dereva mmoja akilalamika huambiwa apishe mwingine. Steji nzima ikiweka daftari mezani, tajiri atakaa chini asikilize.