Tuhesabu Miaka Mitano

Neno la Mhariri

Hakuna swali tunaloulizwa na wasomaji mara nyingi kuliko hili: ninunue PlayStation au nijenge kompyuta ya gemu? Anayeuliza huwa ameshazunguka maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ameshatajiwa bei mbili, na anataka tumwambie ipi nafuu. Toleo hili zima tumelitenga kwa swali hilo, na msimamo wangu nautaja mapema: bei ya dukani haitoshi kumwamulia mtu. Vifaa hivi viwili vinauzwa kwa hesabu mbili zisizofanana, na asiyezijua ataumia upande wowote atakaouchagua.

Tuanze na mashine ya gemu. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, Marekani iliuzwa dola 499 ikiwa na mlango wa CD, na dola 399 bila mlango huo. Xbox Series S iliuzwa dola 299. Msimu huohuo kadi ya grafiki ya RTX 3080, kadi peke yake, ilitangazwa kwa dola 699. Fundi gani angekusanya vipuri vya kompyuta yenye nguvu za PlayStation 5 kwa dola 399? Hayupo, na sababu ilitajwa mahakamani. Mei 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple huko California, ofisa wa Microsoft, Lori Wright, alieleza kwamba kampuni yake haikuwa imewahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox zenyewe. Fedha hurudi baadaye: kila gemu inayouzwa katika duka la mtandaoni la mashine hukatwa takriban asilimia 30, na juu yake kuna ada za uanachama. Kwa hiyo bei unayolipa kaunta ni malipo ya kwanza tu, na mengine yanakufuata nyumbani.

Muuza vipuri vya kompyuta hana pa kukufuata. Aliyekuuzia kadi ya grafiki, kumbukumbu au kisanduku cha umeme hapati senti unaponunua gemu mwaka ujao, kwa hiyo faida yake yote lazima aichukue leo. Ndiyo maana kompyuta inatisha siku ya kwanza, kisha inatulia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, basi tufungue daftari la miaka mitano. Kucheza na watu mtandaoni kupitia PlayStation kunadai uanachama wa PlayStation Plus kwa gemu nyingi za kulipia. Septemba 2023 ngazi yake ya chini ilipandishwa hadi dola 79.99 kwa mwaka nchini Marekani. Kwa bei hiyo, miaka mitano ni kama dola 400, yaani bei ya PlayStation 5 nyingine isiyo na CD kama ilivyouzwa siku ya kwanza. Kompyuta haina ada hiyo. Isitoshe, mwenye kompyuta ana maduka yanayomgombania: Steam hupunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, na Epic imekuwa ikigawa gemu za bure tangu mwishoni mwa 2018. Kwa anayecheza mtandaoni kila usiku, kompyuta iliyozidi mashine ya gemu kwa dola 400 inafidia pengo hilo kwa ada peke yake.

Umeme nao uingie daftarini. PlayStation 5 ikicheza gemu nzito hula takriban wati 200, ilhali kompyuta yenye kadi kubwa inaweza kufika 400 au kupita. Kwa saa nne kwa siku, mwezi mzima, hiyo ni tofauti ya uniti 24 hivi dhidi ya 48. Anayenunua LUKU au tokeni kwa fedha yake mwenyewe ataiona tofauti hiyo.

Hadi hapa hesabu yangu inafanana na ya waandishi wa Marekani na Ulaya. Lakini wao humchukulia mchezaji kuwa mtu aliye peke yake chumbani, mwenye kadi ya benki na intaneti isiyopimwa. Kwetu gemu huchezwa bega kwa bega. Kwenye kibanda cha gemu au sebuleni kuna televisheni moja, pedi mbili, gemu ya mpira, na foleni ya wanaosubiri zamu. Wachezaji wa namna hii hawahitaji ada yoyote ya mtandao, kwa hiyo zile dola 400 zinafutika kwenye daftari lao.

Kikubwa zaidi ni CD. Gemu iliyo kwenye CD huazimwa, hubadilishwa na huuzwa tena. Ukiinunua kwa dola 70 na kuiuza kwa 40 baada ya kuimaliza, imekugharimu 30, na jirani yako ameipata kwa bei anayoiweza. Gemu ya Steam imefungwa kwenye akaunti yako na huwezi kuiuza. CD pia hupunguza mzigo wa bando: gemu kubwa za leo hupita gigabaiti 100, na ingawa masahihisho bado hupakuliwa, kupakua sehemu si sawa na kupakua yote. Nathubutu kusema kwamba kwa mtaa wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, unafuu wote wa mashine ya gemu umekaa kwenye ule mlango mwembamba wa CD.

Na mlango huo unafungwa. PlayStation 5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99 bila mlango wa CD, na anayeutaka aliambiwa aununue kando kwa dola 79.99. Mashine isiyo na CD ina duka moja tu, la mwenye mashine, na duka hilo halituhudumii vizuri. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi zinazofunguliwa rasmi akaunti ya PlayStation, hivyo wachezaji wetu hujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine na kununua kadi za zawadi ili wapate salio. Mei 2024 tuliona hatari ya hali hiyo. Sony, mtengenezaji wa PlayStation, ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazipo. Wachezaji walipaza sauti duniani kote na sharti likafutwa. Mnunuzi ana nguvu akisema: hata mwaka 2013 Microsoft ilipanga kubana CD zilizotumika kwenye Xbox One, ikarudi nyuma kabla mashine haijatoka kwa sababu wanunuzi walikataa.

Wapo wanaotushauri tusubiri bei ishuke. Zamani ushauri huo ulikuwa sahihi: PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000 na kufika 99 mwaka 2009. Sasa mambo yamegeuka. Agosti 2025 PlayStation 5 yenye CD ilipandishwa Marekani hadi dola 549.99, karibu miaka mitano baada ya kuzinduliwa, na Xbox Series X ilipandishwa mara mbili ndani ya mwaka huo. Kusubiri hakuna uhakika tena wa kuokoa fedha.

Kwa upande wa kompyuta, nina neno na wazazi. Vijana wengi huomba kompyuta ya gemu kwa jina la masomo. Anayehariri video, kuchora katuni za kompyuta au kujifunza kutengeneza gemu ana hoja ya kweli, na fedha hiyo itarudi. Lakini kuandika ripoti na kusoma masomo mtandaoni hakuhitaji kadi ya grafiki. Laptopu ya ofisini iliyotumika inatosha. Mwenye fedha kidogo anaweza kutafuta kompyuta ya mezani ya ofisi, kama Dell OptiPlex, na kuiongezea kadi kama GTX 1650 ya aina isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kwa kuwa visanduku vya umeme vya kompyuta hizo ni vidogo. Achunguze tu kadi ya mtumba kabla ya kulipa: sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikiichimba usiku na mchana ziliingia sokoni.

Serikali zetu nazo zina sehemu yao. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kompyuta huingia kwa asilimia 0, ilhali mashine ya gemu imewekwa katika fungu la vitu vya kuchezea na hutozwa ushuru. Kijana anayeendesha kibanda cha gemu analipia kifaa cha kazi kana kwamba ni mwanasesere. Mgawanyo huo unafaa kuangaliwa upya.

Makala zilizo ndani zinachambua kila kipengele, na waandishi wetu hawakubaliani kote. Ushauri wangu ni huu. Kama mnacheza wengi mahali pamoja, nunueni mashine yenye mlango wa CD, hata kama isiyo nao ni nafuu kwa dola 50 au 100. CD chache mtakazouza zitazirudisha. Kama unacheza mtandaoni kila siku na unafanya kazi na kompyuta, jenga kompyuta. Na yeyote anayeuza, amwambie mteja waziwazi kama mashine ina mlango wa CD na imeletwa kwa soko la nchi gani. Tukiendelea kununua zisizo na CD kwa sababu ni rahisi kwa leo, tutakuwa tumewasaidia watengenezaji kutunyang'anya unafuu pekee tuliokuwa nao.