Waacheni Wafe: Kuhusu Wahusika Wasiouawa Kwenye Gemu

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata nizungumzie gemu. Na kwenye gemu, nataka kuzungumzia mauaji.

Nasema juu ya zile RPG za majoka, wachawi na mapanga, ambamo unaunda mhusika wako, unampa jina, kisha unaambiwa dunia yote ni yako, nenda utakako, fanya upendalo. Sasa mtu ukimpa upanga na uhuru wa namna hiyo, hata awe mpole vipi, siku moja atajiuliza: je, nikimkata huyu mfalme hapa kwenye kiti chake itakuwaje? Mimi huitambua gemu kwa jibu lake kwa swali hilo. Maoni yangu ni kwamba kumfanya mhusika muhimu asife kabisa ni uvivu wa mtengenezaji, na kumwacha afe bila chochote kubadilika ni uvivu mkubwa zaidi. Najua kuna watakaonipinga, hasa wale ambao wamewahi kuandika gemu wenyewe. Nitawafikia.

Swali lenyewe ni la zamani. Richard Garriott, aliyetengeneza mfululizo wa Ultima, alijiweka ndani ya gemu zake kama mfalme aitwaye Lord British. Mfalme huyu alikusudiwa asiuawe, na kwa sababu hiyo hiyo wachezaji wakageuza kumuua kuwa mashindano. Katika Ultima VII ya 1992 kuna kibao juu ya mlango wa kasri ambacho unaweza kumwangushia kichwani akipita, naye akafa. Lakini kisa kilichojulikana kuliko vyote ni cha 1997, wakati Ultima Online ilipokuwa bado inafanyiwa majaribio. Garriott mwenyewe alikuwa akimwendesha mfalme wake mbele ya umati, na mchezaji mmoja aliyejiita Rainz akamrushia moto wa kichawi. Mfalme akaanguka, akafa. Seva ilikuwa imeanguka muda mfupi kabla, na ile alama ya kumkinga mfalme haikuwashwa tena ilipoamka. Wenzangu mnaoandika programu najua mmecheka kwa uchungu. Ufalme mzima ulikuwa umening'inia kwenye kigezo kimoja ambacho hakuna aliyekihifadhi.

Sasa tuje Morrowind, gemu ya Bethesda ya 2002, ambayo hadi leo naiona ndiyo iliyojibu kwa heshima. Mwanzoni kabisa unapewa bahasha umpelekee mzee aitwaye Caius Cosades katika mji wa Balmora. Hadithi yote inapitia kwake. Ukifika ukaamua kumuua, gemu haikuzuii. Anakufa, kisha unatokea ujumbe wa kukuambia kwamba unabii umekatika. Chaguo ni lako, urudi kwenye sevu yako ya awali ama uendelee kuishi katika dunia uliyoivuruga. Basi. Maduka yapo, mapango yapo, vyama vya wapiganaji na wezi vipo, unaweza kutembea humo miaka, lakini lile jambo kubwa ulilozaliwa kulifanya halitafanyika kwa njia yake ya kawaida.

Angalia hayo maneno ya mwisho: kwa njia yake ya kawaida. Katika Morrowind yumo Vivec, mungu aliye hai, na jiji lina jina lake. Yeye ndiye wa kukupa glavu ya kichawi ambayo bila hiyo huwezi kumshinda adui mkuu. Mtu akimuua Vivec, glavu inabaki juu ya maiti lakini haifanyi kazi. Kumbe ndani ya shimo la wagonjwa chini ya mnara wa mchawi mmoja yuko Yagrum Bagarn, mzee aliyevimba kwa ugonjwa, wa mwisho wa kabila la mafundi lililotoweka. Ukimpelekea glavu hiyo pamoja na vitabu vinavyohitajika, ataitengeneza kienyeji. Ukiivaa inakula sehemu ya uhai wako, na hairudi. Gemu haikuambii habari za njia hii. Waliiweka kwa ajili ya yule mmoja atakayefanya ukorofi na bado asikate tamaa. Huo kwangu ndio uungwana: umeua mungu, sawa, gharama yake ni hii, lipa uendelee.

Kisha 2006 ikaja Oblivion, na mambo yakageuka. Wahusika muhimu sasa wana alama ndani ya faili za gemu inayosema huyu hafi. Ukimkata anaanguka, unaambiwa amezimia, na baada ya muda mfupi anainuka. Nitakuwa mkweli kwa watengenezaji: walikuwa na sababu. Wahusika wa Oblivion wana ratiba zao, wanakula, wanalala, wanasafiri barabarani. Mhusika wako muhimu angeweza kuliwa na mbwa mwitu huko porini wewe ukiwa mji mwingine unanunua dawa, na usingejua kwa nini kazi yako haisongi mbele. Tatizo hilo ni la kweli. Skyrim ya 2011 nayo, ilipoongezewa sehemu ya Dawnguard mwaka uliofuata, ilileta wanyonya damu waliokuwa wakivamia miji usiku na kuua wenye maduka ambao hawakuwa na alama hiyo. Unaamka kwenda kununua mishale, unakuta mhunzi amelala barabarani. Hujafanya kosa lolote na umepoteza jirani.

Lakini dawa waliyoitoa ni nzito kuliko ugonjwa. Katika Skyrim unakutana na wazee wenye vyeo wanaopiga goti wakipata kipigo, wanapumua kidogo, kisha wanaendelea kukuhutubia. Ukishaona mtu mmoja akifanya hivyo mara mbili, mji wote unageuka kuwa jukwaa la vikaragosi. Na wanaoruhusiwa kufa ndio wadogo: muuza mboga, mlinzi, ombaomba. Yaani gemu imekwisha kukuambia nani ana thamani na nani hana hata kabla hujasema naye neno. Hapo ndipo napokereka hasa.

Ajabu ni kwamba gemu hiyo hiyo, ilipotaka, iliweza. Yuko Paarthurnax, joka mzee aliyekaa kileleni mwa mlima mkubwa kuliko yote, aliyekufundisha kupambana na ndugu yake. Zamani za kale alikuwa mkono wa kulia wa yule adui, akatesa watu, kisha akaasi. Baadaye kundi la wapiganaji wanaojiita Blades linakwambia umuue kwa makosa hayo ya kale, la sivyo halitakusaidia tena. Ukimuua, wale watawa wa mlimani waliokulea wanakugeuzia mgongo. Hakuna kauli ya kati ya kuwaambia Blades kwamba mimi ndiye ninayewaongoza, nyamazeni. Wachezaji walilalamika hadi wengine wakaandika mod za kuiongeza. Mimi sikutaka iongezwe. Hicho ndicho kifo pekee katika Skyrim ambacho watu wanabishania hadi leo, na ni kwa sababu hakikupewa mlango wa nyuma.

(Halafu kuna mirathi. Mhusika aliyekupenda akifa Skyrim, tarishi anakuletea barua na pesa alizokuachia, zikiwa zimekatwa kodi. Hata kama wewe ndiye uliyemuua usiku bila kuonekana. Serikali imechukua chake, nawe umechukua chako.)

Upande wa pili wa kosa ni gemu zinazokuacha uue kisha zikakurahisishia. Dark Souls, ya 2011 pia, ilikuwa kali: muuzaji wa mwanzoni akifa, duka limefungwa, na wengi walimuua kwa sababu maiti yake inatoa upanga mzuri. Ni biashara ya wazi, upanga leo ama mishale na bidhaa zake kesho. Elden Ring ya 2022, ya kampuni hiyo hiyo, ikalegeza. Ukimuua mchuuzi anaachia kengele, unaipeleka kwenye ukumbi mkuu, na bidhaa zake zote unazinunua hapo bila kusafiri. Hebu fikiria. Maskini anayekaa peke yake kando ya moto akipiga ala yake, na kumuua ndiko kunakukupunguzia safari. Kibiashara ni mpango mzuri. Kama hadithi, ni kumwambia mchezaji kwamba huyu hakuwa mtu, alikuwa orodha ya bei.

Baldur's Gate 3 ya 2023 ndiyo iliyonirudishia matumaini. Larian wanakuruhusu umuue karibu kila mtu, na wanachokilipisha si pointi bali watu wengine. Mapema kuna msitu wenye wakimbizi wenye pembe. Ukiungana na Minthara ukawachinja, wenzako wawili, Wyll na Karlach, hawatakaa nawe. Mbele zaidi, nyumba ya wageni ambayo ingejaa wale wakimbizi haina wakimbizi hao wa kukusalimu, na kazi zao zote zimezikwa nao. Katika nyumba hiyo yuko kasisi wa mwezi, Isobel, ambaye nuru yake ndiyo inayozuia giza lisiingie. Isobel akianguka, nuru inazimika na karibu wote waliomo wanageuzwa viumbe vya giza, nawe unalazimika kupigana nao. Mmoja wao anaweza kuwa mhunzi Dammon, fundi pekee wa kuutengeneza moyo wa mashine wa Karlach. Wazee wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sijaona gemu nyingine iliyoliandika hilo ndani ya programu kwa ukamilifu kiasi hiki.

Sasa nyinyi wapinzani. Mtaniambia hesabu hailipi. Wahusika 10 wanaoweza kufa ama kuishi ni hali 1,024 za dunia. Wakiwa 20 zimepita milioni. Nani ataziandika, nani atazijaribu? Hesabu ni sahihi, ila inachukulia kwamba kila mtu amefungwa kwa kila mtu. Anayepanga programu vizuri anajua kupunguza kamba. Kama mchezaji anahitaji habari fulani ili hadithi isonge, usiiweke mdomoni mwa mtu mmoja tu: iwe pia kwenye barua mfukoni mwake, ama kwa msaidizi wake, ama kwenye daftari sandukuni. Mtu akifa habari inabaki, kinachopotea ni msaada wake, urafiki wake, duka lake. Hapo hujaandika milioni, umeandika njia ya pili kwa kila jambo la lazima, basi.

Mwingine atasema yote ni bure kwa sababu mchezaji atarudi kwenye sevu. Wengi hurudi, kweli. Undertale ya 2015 ililijibu hilo kwa ujanja: inaweka kumbukumbu nyingine nje ya sevu yako, hivyo ukimuua Toriel, ukajuta, ukarudi nyuma ukamwokoa, kuna ua moja lenye uso linalokusubiri mbele likujulishe kwamba lilikuona. Baldur's Gate 3 nayo iliongezewa Novemba 2023 hali ya kucheza yenye sevu moja tu, inayojiandika yenyewe. Kwa hali hiyo ulichofanya umefanya.

Bethesda walitangaza Elder Scrolls ya 6 mwaka 2018. Ombi langu kwao ni dogo. Wawalinde wahusika wao dhidi ya mbwa mwitu, sina ugomvi na hilo, iwe kwamba mnyama hawezi kuwamaliza. Upanga wangu mimi waupishe. Na wakitaka mfano wa jinsi dunia inavyoweza kumkataa muuaji bila kumzuia, watazame tena Baldur's Gate 3: humo kuna uchawi wa kusema na maiti, lakini maiti ya mtu uliyemuua wewe haikubali kukujibu. Ubadilishe sura kwanza, ndipo itakapozungumza.