Nyumba ya Halali na Tofali Lake

Qur'ani Tukufu imemtaja mtu aliyeamuru udongo uchomwe kwa ajili ya ujenzi, naye si mtu wa kuigwa. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 38, Firauni anamwamuru Hamana awashe moto juu ya udongo, kisha amjengee mnara apate kupanda kumtazama Mungu wa Musa. Kwa upande mwingine, waandishi wa Sira wanatueleza kwamba Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina ulijengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na kwamba yeye mwenyewe aliyabeba pamoja na Masahaba zake. Hatusemi kwamba tofali la kuchoma ni haramu. Miji mitukufu ya Kiislamu, Baghdad na Bukhara miongoni mwake, imejengwa kwalo. Tunachosema ni kwamba tofali lina safari yake kabla halijafika kiwanjani, na familia zetu zinapojenga haziulizi habari za safari hiyo.

Tuitazame desturi yetu. Baba huhakikisha kwamba kiwanja hakina mgogoro wa urithi. Mama husisitiza kwamba fedha zisichanganyike na riba. Sheikh huitwa kuomba dua siku ya kuweka msingi. Yote hayo ni mema, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaoyazingatia. Ama tofali, hilo hutazamwa bei na rangi yake tu, kana kwamba limeteremka na mvua.

Hali halisi ni kwamba tofali la udongo, hasa linapotengenezwa kwa wingi mno, huacha madeni mawili nyuma yake. La kwanza ni deni la ardhi. Udongo unaofaa kwa matofali aghalabu ndio huo huo unaofaa kwa mazao. Wamisri walilitambua hili kwa uchungu. Kwa karne nyingi mto Nile uliwaletea tope jipya kila mwaka, wakalima na kufyatua matofali bila kuhisi upungufu. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope likakwama nyuma ya ukuta wa bwawa, nayo mashamba yakaendelea kuchunwa ngozi yake bila kupata badala. Katika miaka ya 1980 serikali ya Misri ikapiga marufuku kuchukua udongo wa mashamba kwa ajili ya matofali, na viwanda vikageukia udongo wa jangwani. Bangladesh nayo, kwa sheria ya mwaka 2013, ilikataza tanuri kutumia udongo wa mashamba.

Deni la pili ni la watu, nalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Katika tanuri za Pakistani na India kuna utaratibu wa kumpa mfanyakazi fedha za kutangulia kabla ya msimu kuanza. Kule huziita peshgi. Baba huzichukua kwa ajili ya harusi au matibabu. Kisha hulipwa kwa idadi ya matofali, tena hukatwa sehemu ya ujira wake ili kufidia deni. Idadi haitoshi, kwa hiyo mke huingia kazini, na baada yake watoto hufuata, wakikanda udongo na kugeuza matofali juani badala ya kwenda madrasa na shule. Msimu ukiisha deni limebaki, pengine limeongezeka, na familia haina ruhusa ya kuondoka. India ilitunga sheria ya kufuta utumwa huu wa deni mwaka 1976, na Pakistani mwaka 1992. Utaratibu wenyewe haujakoma. Yatuuma kukiri kwamba baadhi ya wenye tanuri hizo ni Waislamu wanaoswali safu ya mbele, na baadhi ya waliofungwa kwa madeni hayo ni Waislamu wenzao na Wakristo maskini.

Ndiyo maana tumevutiwa na kazi inayofanyika India, nchi ya pili duniani, baada ya China, kwa wingi wa matofali ya udongo. Nchi hiyo huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa makaa ya mawe, na makaa yake yana majivu mengi: takriban theluthi ya uzito wake, na wakati mwingine zaidi, hubaki jivu baada ya kuungua. Jivu jepesi lipandalo na moshi hunaswa kwenye dohani za mitambo, na kwa miaka mingi lilimwagwa katika mabwawa makubwa yaliyochukua ardhi ya wanavijiji. Mwezi Aprili 2020, huko Singrauli katika jimbo la Madhya Pradesh, bwawa moja la namna hiyo lilipasuka, tope la majivu likasomba watu na mashamba.

Jivu hilo ndilo linalogeuzwa tofali. Wataalamu wawili wa mji wa Visakhapatnam, N. Bhanumathidas na N. Kalidas, walieneza mchanganyiko wa majivu, chokaa na jasi. Kinachopendeza ni kwamba hata chokaa na jasi huweza kupatikana kutoka katika mabaki ya viwanda vingine, kama vile viwanda vya mbolea. Viungo huchanganywa na maji kidogo, hushindiliwa katika kalibu, kisha tofali humwagiwa maji kwa wiki mbili au tatu hadi likomae. Halichomwi. Tofali la udongo huhitaji moto wa takriban nyuzi 1000; hili huhitaji maji na subira.

Msomaji wa pwani hana haja ya kushangaa jinsi jivu linavyoweza kuwa jiwe. Wazee wetu walijenga Kilwa na Lamu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wanajua kwamba chokaa iliyokandwa vizuri huzidi kuwa ngumu kadiri miaka inavyopita. Warumi wa kale nao walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli. Jivu la makaa lina madini ya jamii hiyo hiyo, nayo yakikutana na chokaa na maji hushikana.

Serikali ya India haikuacha jambo hili kwa hiari ya watu. Mwaka 1999 ilitoa amri kwamba watengenezaji wa matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka mtambo wa makaa wachanganye majivu katika bidhaa zao. Mwaka 2003 umbali huo ukaongezwa hadi kilomita 100, na mwaka 2016 hadi 300. Kuongezwa mara mbili kunaonesha kwamba majivu yalikuwa bado yanabaki.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba tofali hili limetakasika kwa sababu tu halina udongo. Chokaa isiyotokana na mabaki huchomwa mahali fulani, na saruji vilevile. Jivu la makaa hubeba chembe za aseniki, risasi na zebaki. Likishikana ndani ya tofali zuri hutulia kwa kiasi kikubwa, lakini likiwa vumbi hudhuru mapafu ya anayelichanganya. Jasi ya viwanda vya mbolea huweza kuwa na mionzi kidogo, na lazima ipimwe. Tena kuna wafanyabiashara wanaopunguza chokaa kwa kuwa ndiyo kiungo cha gharama. Tofali lao hutoka zuri machoni na kumomonyoka mvua ya pili. Sura Al-Mutaffifin haikuwakemea wauza nafaka peke yao. Na wale waliokuwa tanurini? Mashine ya kushindilia huhitaji mikono michache. Anayefunga tanuri bila kuwafutia watu madeni na kuwatafutia kazi amewahamisha tu kutoka dhiki moja hadi nyingine.

Kwetu Tanzania umeme mwingi hutokana na maji na gesi, ambavyo haviachi majivu. Lakini tanuri za matofali ya kuchoma zipo mikoa mingi ya bara, na aghalabu hula kuni. Tuna pia milima ya pumba kwenye mashine za kukoboa mpunga, na jivu la pumba zilizochomwa kwa moto wa wastani nalo hushikana na chokaa. Hapo pana kazi kwa vijana wetu waliosomea uhandisi, na kwa taasisi zinazojenga misikiti na shule, kwani hao ndio wanunuzi wakubwa.

Kwa anayeletewa matofali ya majivu ya aina yoyote, yako majaribio asiyoweza kunyimwa. Achukue mawili ayagonge: yatoe mlio mkavu. Adondoshe moja kutoka kimo cha mita 1 juu ya ardhi ngumu: lisivunjike. Alipime moja likiwa kavu, alizamishe majini saa 24, alipime tena: uzito usiongezeke kupita moja ya tano. Kisha amwulize muuzaji mambo matatu: majivu yametoka wapi, nani ameyapima, na tofali limemwagiwa maji siku ngapi. Muuzaji anayesema siku tatu ameuza tofali bichi.