Uvira: Mafundi vijana wachague programateri kwa kazi iliyoko mezani, si kwa bei tu

Katika mji wa Uvira, jimbo la Kivu Kusini, kazi ya fundi wa redio imebadilika. Zamani alipokea redio na televisheni. Leo meza yake, iwe Mulongwe, Kasenga au Kalundu, inapokea pia vyombo vya umeme wa jua: regilateri za betri, konvertiseri, na taa za wavuvi wanaotafuta ndagala na mukeke usiku ziwani. Ndani ya vingi vya vyombo hivyo kuna chipu ndogo iitwayo mikrokontroleri. Ndiyo inayoamua betri ijazwe lini na ikatwe lini. Ikipoteza programu yake, kubadilisha vipande vingine ni kupoteza wakati na pesa.

Ili kuingiza programu ndani ya chipu hiyo, fundi anahitaji kifaa kiitwacho programateri. Upande mmoja kinachomekwa kwenye USB ya kompyuta. Upande mwingine kinatoa nyaya chache zinazounganishwa na kadi. Chipu haitolewi mahali pake. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu kung'oa chipu yenye miguu mingi kwa chuma cha moto ni njia ya haraka ya kuharibu kadi ya mteja.

Lakini ni programateri gani? Uvira si mji wa kununua leo na kurudisha kesho. Kifaa kinaagizwa mbali, kinapitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira, au kinangojea msafiri wa kukileta. Kikifika na kukutwa hakifai, akiba ya kijana imekwenda.

Kosa la kawaida ni kununua kifaa kwa sababu jina lake ni programateri na bei yake iko chini. Mfano ni CH341A, inayopendwa na mafundi wa televisheni. Kazi yake hasa ni kusoma na kuandika chipu za kumbukumbu, zile za familia ya 24 na 25. Inafaa sana kwa televisheni iliyogoma kuwaka, lakini haitamsaidia mwenye kadi ya regilateri yenye chipu ya PIC.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kutazama bei. Ni kufungua vyombo vilivyoko mezani, kusoma maandishi yaliyo juu ya chipu na kuyaandika kwenye daftari. Chipu za PIC zinahitaji nyaya tano. Chipu za AVR, kama ATmega328P iliyo ndani ya Arduino Uno, zinahitaji sita. Tangu mwaka 2016 familia zote mbili ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Microchip, lakini lugha zao bado ni tofauti. Hata ndani ya AVR, chipu mpya nyingi zinatumia waya mmoja tu wa kupitisha programu, na programateri ya zamani haizitambui.

Kwa anayeanza, njia inayofaa zaidi Uvira ni AVR, na programateri yake ya kwanza iwe kadi ya Arduino Uno. Kadi hii ya mradi wa Arduino, uliozaliwa Italia mwaka 2005, inaweza kugeuzwa kuwa programateri kwa programu inayokuja bure pamoja na Arduino, nyaya sita na kondensateri moja ya mikrofaradi 10. Kijana akigundua kwamba kazi hii haimpendezi, bado anabaki na kadi ya kujifunzia mambo mengine.

Akiendelea, anunue USBasp. Thomas Fischl wa Ujerumani, aliyeibuni, aliweka wazi mchoro wake na programu yake. Nakala zake zinauzwa dola chache. Zaidi ya hayo, ikiharibika, fundi wa Uvira anaweza kuusoma mchoro, kubadilisha kipande na kuirudisha kazini. Programu ya avrdude inayoiendesha ni ya bure na haili megabaiti nyingi. Kwa mtu anayenunua intaneti kidogo kidogo, hilo si jambo dogo.

Wako wanaosema afadhali kununua PICkit mara moja, kwa sababu ni kifaa cha kiwanda chenyewe. Wana haki ikiwa daftari lao limejaa PIC. Lakini PICkit halisi ya leo inagharimu makumi ya dola, na programu yake ya MPLAB X inakula mamia ya megabaiti. Nakala za PICkit 3 ni za bei nafuu, ila matoleo mapya ya MPLAB X hayaitambui tena. Mnunuzi atalazimika kutafuta toleo la zamani.

Iwe programateri yoyote, kuna tahadhari zisizokwepeka. Nakala nyingi za USBasp zina swichi ya volti 3.3, lakini swichi hiyo hubadilisha umeme wa kulisha kadi tu. Nyaya za programu hubaki kwenye volti 5 na zinaweza kuua vipande dhaifu. Sahani za jua na betri zitolewe kwanza, kadi isilishwe na pande mbili. Na chipu mpya ya AVR ikikataa kujibu, isitupwe haraka: nyingi hutoka kiwandani zikienda polepole, na programateri lazima ipunguze mwendo.

Mteja naye aambiwe ukweli. Programateri hairudishi programu ambayo fundi hana. Viwanda vingi hufunga chipu zao zisisomwe. Anayelazimisha kufuta kifungo anafuta na programu yenyewe. Fundi anayeahidi kunakili kila chipu anauza uongo.

Basi faida iko wapi? Iko katika kutengeneza vyombo vipya. Mwaka 2013 Kinshasa iliona roboti za kuongoza magari barabarani, kazi ya injinia Mkongomani Thérèse Izay Kirongozi. Uvira ina mahitaji yake. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi, na miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda hadi kuingia majumbani. Mikrokontroleri moja, nyaya za kupima kimo cha maji, betri na king'ora vinaweza kuwaamsha wakaaji wa mtaa mmoja kabla maji hayajafika mlangoni. Chombo hicho hakizuii mafuriko, lakini dakika chache za usiku ni maisha ya watoto.

Hilo halidai kungoja serkali wala mashirika. Mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kufanya likelemba, wakanunua Arduino moja na USBasp mbili, moja ikiwa ya akiba. Shule za ufundi nazo zinaweza kuanza na meza moja, kompyuta moja yenye betri nzima na daftari la chipu. Kabla ya dola ya kwanza kutoka mfukoni, daftari hilo lianze kuandikwa.