Giaboksi Imekufa, Mungu Hajafa



Leo nazungumza na wewe ambaye pikapu yako bado ni mpya, deni lake bado halijaisha, na giaboksi imekufa. Ulikuwa umepakia samaki kutoka Luanda Kotieno, au mchele kutoka Ahero. Ukaweka gia, injini ikanguruma, gari likakataa kwenda. Fundi ametaja bei, na bei hiyo inakula mapato ya miezi mingi. Tangu siku hiyo usingizi umekuhama.

Nazungumza pia na wewe usiye na gari, lakini umesikia habari za ndugu huyo na tayari una maoni yako.

Maana maoni hayakosi. Mmoja anasema ni jicho la jirani, kwa sababu alikuwa akilitazama sana gari likioshwa asubuhi. Mwingine anasema mwenye gari alipunguza fungu la kumi. Wa tatu anamwambia apande mbegu, kiasi fulani, kwa namba fulani ya simu, na gari litapona. Kufikia Jumapili, mtu aliyepoteza giaboksi amepoteza pia jirani, amani ya nyumba yake, na pesa kidogo zilizobaki mfukoni.

Msimamo wangu ni huu, na sitauficha. Kabla hujamtafuta mchawi, mtafute fundi mwenye mashine ya kupimia. Kabla hujapanda mbegu, soma karatasi ulizonunulia gari. Na kabla hujamhukumu ndugu yako, msaidie kulivuta gari litoke barabarani. Mwenye imani anafanya mambo hayo yote matatu huku akiomba.

Fungua 2 Wafalme sura ya 6, mistari saba ya kwanza. Wana wa manabii wanakata miti kando ya Yordani. Chuma cha shoka kinachomoka kwenye mpini na kuzama majini. Mwenye kukipoteza analia, na anachokililia zaidi ni kwamba shoka lile halikuwa lake. Lilikuwa la kuazima. Wewe mwenye mkopo unamwelewa mtu huyu kuliko mhubiri yeyote. Chombo cha kazi kimezama, na mwenyewe anakisubiri.

Sasa mtazame Elisha. Alikuwa nabii, na angeweza kuanza kwa kufunga siku tatu. Angeweza kumuuliza kijana ana dhambi gani, au nani anamwonea wivu pale mtoni. Hakuuliza hayo. Alitaka kuonyeshwa mahali chuma kilipoangukia. Kijana akaonyesha, ndipo muujiza ukafuata. Na chuma kilipoelea, aliyekipoteza ndiye aliyeambiwa anyooshe mkono akichukue.

Mpendwa, muujiza ule ulianza na swali la fundi: ni wapi hasa? Basi na sisi tuonyeshe mahali.

Mahali pa kwanza ni chini ya gari. "Giaboksi imekufa" ni kilio, bado hujaambiwa ugonjwa. Huenda ni klachi iliyoisha, na klachi si giaboksi. Huenda ni oili iliyovuja polepole bila kuonekana. Kwenye gari la otomatiki, huenda ni kihisio au waya, na kompyuta ya gari imelizuia lisiende ili lisijiharibu zaidi. Kama oili imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Yanaweza kutoka kwenye rejeta pale oili inapopoozwa, au uliendesha kwenye maji ya mafuriko, na sisi wa Nyando na kandokando ya ziwa tunayajua mafuriko. Kama oili ni nyeusi na inanuka kuungua, basi giaboksi ilichemka.

Na kuchemka huku kwetu hakuhitaji mchawi. Ziwa letu liko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kericho ni karibu mita 2,000. Ukipakia tani mbili kwenye gari lililotengenezwa kubeba tani moja, ukapanda nalo mlima huo mara tatu kwa wiki, oili inafanya kazi ya punda wawili. Kusema hivyo si kukulaumu. Nataka ujue kwamba chuma kina sheria zake, na aliyeziweka sheria hizo ni Mungu yule yule unayemwomba. Mithali 27:23 inatutaka tuijue vizuri hali ya makundi yetu ya mifugo. Kundi lako wewe lina magurudumu manne. Mafuta ya upako ni mema, lakini hayachukui nafasi ya oili ya giaboksi.

Kwa hiyo simamisha gari. Usililazimishe lifike nyumbani, kwa sababu chembe za chuma zilizovunjika zinazunguka ndani na kusaga vyuma vilivyokuwa vizima. Litwae kwa fundi, aandike alichokiona, kisha tafuta fundi wa pili. Mafundi wetu wa jua kali wana mikono ambayo Mungu ameibariki, lakini otomatiki za siku hizi zinataka oili ya aina yake na kompyuta ya kupimia. Ikibadilishwa sehemu, omba upewe ile ya zamani uione kwa macho.

Mahali pa pili ni kwenye karatasi. Kama gari lilinunuliwa jipya, lina dhamana, na dhamana hiyo huhesabiwa kwa miaka au kwa kilomita, kinachotangulia kufika. Usiruhusu mtu afungue giaboksi kabla aliyetoa dhamana hajaiona, maana utampa sababu ya kukukatalia. Kama ulinunua kwenye yadi likiwa limetoka Japani, tafuta mkataba wa mauzo na usome kila mstari. Bima yako kubwa pia isome, lakini usiitegemee sana. Kwa kawaida bima ya gari hulipa ajali na wizi, hailipi chuma kilichojivunjikia chenyewe.

Na kama muuzaji anakuzungusha, usiende kumpigia kelele wala kumlaani. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Paulo alipoonewa alitaja haki zake za uraia wa Rumi bila aibu, na hakuna aliyesema amepungukiwa na Roho Mtakatifu.

Hapa nina neno kwa wale wenye vidole vya kunyooshea wengine. Mwaka 2018 mahakama moja ya Australia iliitoza kampuni ya Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia. Watu walikuwa wamenunua magari madogo yenye giaboksi ya PowerShift. Magari yakawa yanatetemeka, na wenyewe wakalalamika. Mara nyingi kampuni iliwajibu kwamba tatizo ni namna wanavyoendesha, ilhali ilijua giaboksi zenyewe zina matatizo.

Unaona? Mtu amepata hasara, na juu ya hasara anaambiwa, kosa ni lako. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo hivyo bila kuuza gari hata moja. Katika Luka 13, Yesu anataja mnara ulioanguka Siloamu ukaua watu 18, na anakataa wazo kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Kama Bwana hakukubali kutumia mnara kupima dhambi za watu, wewe umeipata wapi ruhusa ya kutumia giaboksi?

Na wewe mwenye gari, usimfanyie jirani yako kile usichotaka ufanyiwe. Ukishamwita mama mmoja mchawi mbele ya watu, neno hilo halina gereji ya kulitengeneza. Giaboksi itapatikana. Jina la mtu likishavunjwa kijijini, watoto wake watalirithi likiwa limevunjika.

Mahali pa tatu ndipo pagumu zaidi: kwa mwenye kukopesha, na kwa mkeo au mumeo. Kijana wa Yordani hakuficha. Alilia kwa sauti kwamba chombo ni cha kuazima. Wengi wetu tunazima simu. Tunapitia njia ya nyuma ili tusikutane na afisa wa sako. Usiku tunachukua mkopo wa simu kulipa mkopo wa benki, na yule tunayelala naye kitanda kimoja hajui lolote.

Nenda ofisini kwao kabla hawajakufuata. Beba karatasi ya fundi, waonyeshe gari limesimama na kwa nini, omba wakupangie upya malipo. Wanaweza kukataa, lakini mkopeshaji anamsikiliza zaidi aliyekuja mwenyewe kuliko aliyetafutwa na madalali. Na jioni hiyo hiyo kaa na mwenzako, mfungulie hesabu yote, hata ile inayouma. Maombi ya wawili wanaojua ukweli mmoja yana nguvu. Maombi ya mmoja anayemficha mwingine ni mzigo.

Tafadhali, usikope ili upande mbegu ya kuponya gari. Mungu hakai gizani akingoja deni lako liongezeke ndipo akuhurumie. Anayekudai sadaka wakati watoto wako wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo, mwulize kama yuko tayari kuja kulivuta gari.

Mwisho nazungumza na kanisa. Kumbukumbu la Torati 22:4 inasema habari za punda au ng'ombe wa ndugu yako aliyeanguka njiani. Hairuhusiwi kujifanya hukumwona. Unatakiwa umsaidie kumwinua, na unainua pamoja naye. Agizo hilo halisemi kwanza uchunguze punda alianguka kwa nini.

Punda wa Kisumu leo ni pikapu. Kwa hiyo wewe mwenye gari zima, mbebee ndugu yako samaki wake safari mbili wiki hii ili asipoteze wateja wake. Wewe fundi, mpe bei ya ndugu na umruhusu alipe kidogo kidogo. Wewe unayejua kusoma mikataba, kaa naye saa moja. Wewe mama wa maombi, omba, kisha peleka unga. Na sote tunyamazishe ule mnong'ono. Ndugu akiogopa kuja ibadani kwa sababu gari lake limeharibika, basi kilichoharibika ni zaidi ya gari.

Je, Mungu anaweza kuelesha chuma? Ndiyo, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini chuma kilipoelea, mkono wa mtu ulihitajika kukiokota. Wiki hii ule mkono uwe wako.

Tuombe. Baba, mkumbuke kila mmoja ambaye chombo chake cha kazi kimesimama. Mpe ujasiri wa kuonyesha mahali kilipozama. Mpe fundi mwaminifu, mkopeshaji mwenye utu, na ndugu watakaoinua pamoja naye. Ulinde ulimi wake usimwangamize jirani. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unamjua mwenye gari lililosimama, leo usimtumie ujumbe huu peke yake. Mpigie simu, umuulize: nije saa ngapi?

Mbarikiwe.