Duka likitengenezwa, mama atauzia wapi?



Juma hili tunazungumza juu ya jambo linalorudi mara nyingi katika vikundi vyetu vya akiba. Kuna siku wakubwa wa mji wanatangaza kwamba soko litatengenezwa, ao kwamba wenye maduka ya barabara fulani watasaidiwa ili wabadilishe mabati na kupaka rangi. Mama mmoja anapiga vigelegele. Mwingine ananyamaza, sababu anajiuliza: mimi ninayepanga kichumba hapa, kesho nitakuwa wapi?

Wote wawili wana haki. Soko safi, lenye maji, taa na choo, ni baraka kwetu sisi na kwa watoto tunaowabeba mgongoni tukiuza. Lakini msaada wa mji unaingia kwanza katika ukuta na bati, na ukuta una mwenyewe. Kama yule anayeuza ndani ya ukuta huo hajulikani kwenye karatasi yoyote, uzuri wa jengo unaweza kumtoa nje. Hilo ndilo tunataka tuliangalie pamoja, kwa utulivu, na mifano miwili: mmoja wa mbali na mmoja wa hapa Congo.

Mfano wa mbali ni Chicago, mji mkubwa wa Marekani, katika jimbo la Illinois. Familia nyingi za Wacongo zinazosema Kiswahili zimepokelewa kule kama wakimbizi, na pengine wewe unayesoma una ndugu huko. Chicago ina mitaa ambamo maduka yalizeeka, madirisha yakavunjika, wateja wakahamia kwingine. Mji ukatafuta njia ya kurudisha uzima.

Feza inatoka wapi? Illinois ina sheria ya mwaka 1977 inayoruhusu mji kuchagua mtaa na kufanya hesabu ifuatayo. Tuseme majengo ya mtaa huo yanaleta kodi ya 100 mwaka ule wa kwanza. Ile 100 inaendelea kwenda kwenye shule na kazi zingine za watu wote kama zamani. Miaka ikipita, thamani ya majengo ikipanda na kodi ikafika 130, zile 30 zilizoongezeka zinawekwa katika mfuko wa mtaa huo peke yake. Kwa kawaida hesabu hiyo inadumu miaka 23. Kwa njia hii mtaa unajitengeneza kwa feza ya maendeleo yake wenyewe. Wako wenyeji wanaolalamika, wanasema zile 30 zingesaidia shule pia. Mabishano hayo hayajaisha kule.

Kutoka katika mfuko huo, Chicago ina mpango wa kusaidia biashara ndogo. Mwenye duka anatengeneza paa, mlango, madirisha, mabomba ya maji, nyaya za umeme, halafu mji unamrudishia sehemu ya gharama. Sehemu hiyo ni kati ya 30 na 90 kwa 100, kulingana na hali ya mwombaji. Bidhaa za kuuza hazimo katika hesabu. Ni jengo tu. Na tangu 2016 kuna mfuko mwingine: makampuni yanayotaka kujenga magorofa marefu zaidi katikati ya mji yanalipa feza kwa ajili ya ruhusa hiyo, na feza hiyo inasaidia maduka ya mitaa iliyosahauliwa ya upande wa kusini na wa magharibi. Wazo hilo linatupendeza. Tajiri wa katikati ya mji anachangia bati la mama wa pembeni.

Sasa tusikilize vizuri neno moja: mji *unarudishia*. Unatanguliza feza yako, fundi anamaliza, unapeleka risiti, ndipo unapewa sehemu. Tuweke mfano wetu wenyewe. Kazi ya paa na mlango inaomba dola 800. Mji umekubali kurudisha 75 kwa 100, ni kusema dola 600. Mama ambaye ana 800 mkononi, mwishoni atakuwa ametoa 200 tu kwa duka zuri. Mama ambaye hana zile 800 za kuanzia, msaada huo unapita mbele ya macho yake kama gari lisilosimama. Ndiyo sababu hata msaada ulioandikwa kwa ajili ya wadogo unaweza kuishia kwa wale waliokuwa na akiba.

Jambo la pili la Chicago: hata mpangaji anaweza kuomba, si mwenye jengo tu. Hilo ni zuri sana. Lakini anahitaji kibali cha mwenye jengo. Na kazi ikiisha, paa jipya linabaki la mwenye jengo. Mkataba ukifika mwisho, anaweza kupandisha malipo ya nyumba, sababu sasa duka linapendeza. Mpangaji amehangaika na mafundi, na matunda yanachumwa na mwingine.

Turudi sasa kwetu, Kinshasa. Soko kubwa la Zando wote mmelisikia, hata sisi wa upande huu tunaolinunulia vitambaa kwa kutuma watu. Lilikuwa limezeeka na kujaa kupita kipimo. Mwezi wa kwanza wa 2021 mji ulilifunga, likabomolewa ili lijengwe upya. Hapa mji haukurudishia mtu gharama. Ulitumia njia nyingine: kampuni ya binafsi inaleta feza na kujenga juu ya ardhi ya watu wote, halafu inapata nafasi ya kuendesha soko ili irudishe feza yake. Mji usiokuwa na makuta katika sanduku unaweza kupata soko jipya kwa njia hiyo, na hatusemi ni njia mbaya. Lakini ujenzi ulichukua miaka, si miezi. Wauzaji wakatawanyika katika barabara za karibu na masoko mengine. Na kampuni iliyokopa ili ijenge lazima irudishe mkopo, na anayelipa mwishoni ni yule anayekodi meza.

Mkiweka Chicago na Kinshasa pamoja mtaona ulizo ni lile lile, ingawa njia ni mbili: nani alihesabiwa kabla fundi hajaweka nyundo?

Kwa hiyo, wamama, kabla ya kungojea msaada wa mji, tuangalie yale tuliyonayo tayari. Tunayo zaidi ya tunavyofikiri.

Tangu mwezi wa 9 wa 2012, nchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA pamoja na nchi zingine za Afrika. Sheria hizo zinamlinda anayepanga nyumba ya biashara, hata kama mkataba wake ni wa mdomo tu. Ukifanya kazi katika duka hilo kwa miaka 2 ao zaidi, kadiri ya mapatano yenu, una haki ya kuomba mkataba uendelee. Kama mkataba una tarehe ya mwisho, omba angalau miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, kwa barua ambayo unaweza kuonyesha kwamba mwenye nyumba aliipokea. Ukichelewa, haki hiyo inapotea.

Na je, kama anasema anataka kubomoa ili ajenge upya? Sheria inamruhusu. Lakini lazima aonyeshe ni kazi gani anataka kufanya. Wewe unabaki mpaka siku kubomoa kunapoanza, na jengo jipya likiisha, wewe ndiwe wa kwanza kupewa nafasi. Asipokupa nafasi, ao akibadilisha kazi ya jengo lisifae tena biashara yako, anapaswa kukulipa kwa kukutoa. Wamama wengi wamefukuzwa wakiitika tu "ndiyo papa", sababu hakuna aliyewaambia hayo.

Halafu kuna marekebisho tunayofanya sisi wenyewe: simenti ya chini, mlango wa chuma, umeme. Ukitoka bila haki ya kuendelea, unaweza kuomba urudishiwe gharama ya kazi ulizofanya kwa *kibali* cha mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, mwombe aandike mistari miwili na kuweka sinyatire. Chukua risiti zote, ziweke pamoja na vyeti vya watoto, mahali panya hawafiki. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuwe wazi hapa: mambo hayo yanahusu nyumba za kupanga za biashara. Meza ya soko la leta inafuata kanuni za mji ao za komini, na huko ulinzi wetu mkubwa ni orodha. Kama jina lako haliko katika orodha ya wauzaji siku ya kuhesabu, siku ya kugawanya meza utakuwa mgeni katika soko ulilouzia miaka 15.

Jambo lingine ni la nyumbani. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana wake ili aweke sinyatire kwenye mkataba. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, iliyotengeneza upya Kanuni ya Familia, iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inaomba mume na mke wapatane wote wawili, yeye kwako kama wewe kwake. Wasipopatana, kuna tribinali ya amani. Basi zungumzeni nyumbani mapema, mkiwa mmekula na watoto wamelala. Halafu jina la yule anayeuza ndilo liandikwe kwenye mkataba na kwenye orodha. Tunajua mama ambaye meza yake iliandikwa kwa jina la shemeji. Siku ya ugomvi wa ukoo, hakuwa na la kuonyesha.

Na ile feza ya kutanguliza, tuitoe wapi? Hapa AVEC na MUSO zetu zina nguvu ambayo wamama wengi wa miji tajiri hawana. Kikundi kinaweza kuweka pembeni sanduku dogo la kazi za jengo, mbali na lile la mikopo ya biashara na lile la msiba. Kama siku moja mji unatangaza kurudishia sehemu ya gharama, kikundi kitakuwa na cha kuanzia, na mama akirudishiwa, anarudisha sandukuni ili mwenzake aanze. Lakini msikope kwa ahadi ya mdomo. Ngojeni karatasi yenye kaše ya ofisi, inayosema mji utarudisha kiasi gani na lini.

Tujue pia mlango wa kubisha. Katiba yetu, katika kifungu cha 204, imeweka kodi ya ardhi na majengo, na ile ya mapato ya nyumba za kupangisha, mikononi mwa jimbo. Kama burugumestre anaahidi kuwapunguzia wenye nyumba kodi hizo ili watengeneze maduka, mwulizeni kwa heshima: papa, jimbo limekubali? Lakini kwa meza na usafi wa soko la komini, mlango ni wake. Na pale ambapo washauri wa komini walichaguliwa katika uchaguzi wa mwezi wa 12 wa 2023, wao wana kazi ya kutusikiliza.

Mkialikwa kwenye mkutano juu ya soko ao barabara ya maduka, msiende mmoja mmoja. Chagueni wamama watatu, mmoja ashike daftari, na waulize haya: Nani anahesabu wauzaji, na sisi tutapata nakala ya orodha? Tutauzia wapi wakati wa ujenzi, na kule kuna choo na maji? Meza itakodiwa franka ngapi kazi ikiisha, na bei hiyo itakaa miaka mingapi? Mwenye duka akisaidiwa na mji, ameandika kwamba hatapandisha malipo ya mpangaji kwa muda gani? Na mafundi wakishaenda, nani atafagia na kutengeneza bomba likipasuka?

Wakijibu, andikeni. Wasipojibu, andikeni pia: "siku fulani tuliuliza, hatukujibiwa." Daftari hilo litawasaidia siku nyingine.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mama anayepanga nyumba ya biashara atafute mkataba wake, aangalie jina na tarehe ya mwisho. Asiye na mkataba wa karatasi akusanye risiti za malipo, hata zile zilizochanika, azipeleke kwenye kikundi, na katibu aziandike. Kama mwenye nyumba hajawahi kutoa risiti, malipo ya mwezi ujao ombeni moja, kwa upole.

Tunataka masoko mazuri, na tunataka tuwemo ndani. Tubaki salama mpaka juma lijalo.