Mcheza gemu wa Ngamiani anunue sipiyu ya ofisi

Kijana wa Ngamiani, Tanga, aliyedunduliza laki saba au nane ili apate kompyuta ya kuchezea gemu hukuta dukani mizigo ya aina mbili. Mmoja umewekwa mbele: kasha la kioo, feni zinawaka rangi zote, na karatasi imebandikwa kwa wino mnene, "Gaming PC, Core i7". Mwingine umesukumwa chini ya meza: sipiyu nyeusi ya Dell au HP, imechubuka pembeni, bado ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya. Macho huenda kwenye taa. Fedha za mwenye mfuko mdogo ziende chini ya meza.

Sipiyu hizo zina historia inayoeleweka. Makampuni, mabenki na ofisi za serikali za Ulaya na Marekani hununua kompyuta za mezani kwa maelfu, huzitumia miaka mitatu, minne au mitano, kisha huziondoa zote kwa mkupuo hata kama ni nzima. Wafanyabiashara huzichukua kwa jumla, nyingi hupitia Dubai na kushushwa Kariakoo, na kutoka hapo hupakiwa kwenye basi safari ya kilomita kama 350 hadi Tanga. Majina yake yamezoeleka kwa mafundi: OptiPlex za Dell, EliteDesk na ProDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Zimeundwa ziwake kutwa nzima bila fundi kuitwa, na hilo ndilo jambo ambalo kasha la taa lisilo na jina la mtengenezaji haliwezi kuahidi.

Msukumo mkubwa wa karibuni umetoka kwa Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, haipokei prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane isipokuwa chache sana. Ofisi za huko zikabaki na kompyuta nzima za kizazi cha sita na cha saba ambazo kwao zimepitwa. Kwa mnunuzi wa huku hiyo ni neema yenye mtego ndani yake. Gemu nyingi za zamani hazitajali. Lakini Valorant ya Riot, ikichezwa kwenye Windows 11, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na Secure Boot, na gemu mpya za mashindano ya mtandaoni zinaelekea njia hiyohiyo. Sipiyu ya mwaka 2015 inaweza kuwaka vizuri kila siku, kisha ikagomea gemu ileile iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo nyongeza ya bei ya kupanda kutoka kizazi cha saba hadi cha nane isionewe uchungu. Faida yake haiishii kwenye Windows. Core i5-7500 ya mwaka 2017 ina viini vinne vya kuchakata. Core i5-8500 iliyotoka Aprili 2018 ina sita. Intel ilikuwa imekaa kwenye vinne kwa miaka mingi katika daraja hilo la i5, na gemu za leo, hasa zenye wachezaji wengi uwanjani kwa wakati mmoja, huiona tofauti hiyo waziwazi.

Hapa ndipo kibandiko cha "i7" kinapowaponza watu wengi. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata baada ya kistari. i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ilitoka mwaka 2011. i3-8100 ni ya kizazi cha nane, ilitoka mwaka 2017, na kwenye gemu nyingi huipita ile i7 ingawa jina lake ni dogo. Muuzaji anayesema "hii ni i7, kaka" bila kutaja namba kamili hajasema kitu. Na kwa sipiyu za ofisi namba ya toleo nayo huongea: OptiPlex 9020 ni ya kizazi cha nne, 7040 cha sita, 7050 cha saba, 7060 cha nane. Kwa HP, EliteDesk 800 G2 ni ya sita, G3 ya saba, G4 ya nane.

Lakini kuna jambo linalotangulia prosesa, na wanunuzi wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika nyumbani. Ni ukubwa wa kasha. Toleo moja la OptiPlex hutoka katika maumbo matatu au manne: lile kubwa linalosimama, lile jembamba linaloweza kulazwa chini ya monita, na lile dogo kabisa linaloshikika kwa kiganja kimoja. Ndani prosesa zinaweza kufanana, na bei zikakaribiana. Kwa karani hakuna tofauti. Kwa mcheza gemu, tofauti ni kubwa mno. Lile dogo kabisa kwa kawaida halina nafasi ya kadi ya grafiki, basi. Lile jembamba hupokea kadi fupi peke yake, ambazo ni adimu na huuzwa ghali zaidi kuliko nyingine zenye nguvu ileile. Kasha kubwa hupokea kadi ya kimo cha kawaida, lina hewa, na mkono wa fundi unaingia. Mwenye nia ya gemu asichukue jingine kwa sababu tu linapendeza mezani.

Halafu pawa saplai. OptiPlex kubwa ya kizazi cha saba huja na ya wati 240, ya kizazi cha nane wati 260, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Tena plagi zake za ndani si za kawaida: Dell na HP wameweka za kwao, kwa hiyo kuchomoa na kuchomeka pawa saplai yoyote ya dukani hakuwezekani bila adapta. Huo ndio mpaka wa mashine hizi, na ni lazima usemwe. Ndani ya mpaka huo kuna kadi zinazojilisha kwa wati 75 za tundu la mazabodi peke yake. GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016 ni mojawapo. GTX 1650 ya Aprili 2019 ina nguvu zaidi, na matoleo yake mengi hayahitaji waya, ingawa mengine yana tundu la pini sita juu yake na hayo yaachwe. Zote mbili zina kumbukumbu ya GB 4, na zilipotoka ziliuzwa dola 139 na dola 149. Leo hupatikana zikiwa zimetumika.

Kadi zilizotumika zina hadithi yake. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi mno zilimwagwa sokoni duniani kote, na RX 580 ni miongoni mwake. Ndizo zinazokutwa mara kwa mara ndani ya makasha ya taa, zikiwa zimefungwa pamoja na prosesa za Xeon zilizotolewa kwenye seva kuukuu. Haki itendeke: RX 580 nzima huishinda GTX 1650. Lakini hula wati 185 peke yake, imeshapikwa miaka kwenye machimbo, na humo ndani hulishwa na pawa saplai isiyojulikana ilikotoka. Lipo pia toleo lililopunguzwa, lenye viini 2048 badala ya 2304, linalouzwa kwa jina lilelile. Na zipo kadi bandia kabisa, chipu ya zamani iliyoandikwa upya ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z tangu mwaka 2018 huzitambua nyingi na kuandika neno la onyo kando ya jina. Ikae kwenye flashi ya kila anayekwenda kununua.

Mashine ya namna hii, yaani i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 16 katika vipande viwili vya 8, SSD na GTX 1650, inacheza nini? GTA V, iliyofika kwenye kompyuta Aprili 2015, hupendekeza i5-3470 na GTX 660, kwa hiyo hiyo ni kazi nyepesi. EA Sports FC 24 kwa kiwango cha chini inaomba i5-6600K, RAM ya GB 8 na GTX 1050 Ti, nayo inafikika. eFootball ya Konami ni ya bure tangu Septemba 2021, Counter-Strike 2 ni ya bure tangu Septemba 2023. Kwenye monita ya kawaida ya 1080p, hayo yote yanachezeka kwa kupunguza kidogo mapambo ya picha. Tatizo linaloweza kuuma zaidi ni nafasi na bando: FC 24 peke yake inataka GB 100. Mwenye SSD ya GB 256 ataweka gemu mbili kubwa na kuanza kufuta, na anayeishusha kwa bando la simu ataingia gharama ambayo hakuipangia.

Gharama nyingine ambayo haimo kwenye bei ya duka ni LUKU. Nyumba iliyo kwenye daraja la D1, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, imezoea kununua uniti kwa shilingi 122 pamoja na makato; daraja la kawaida ni kama shilingi 356. Sipiyu ya ofisi yenye GTX 1650 pamoja na monita hula kama wati 180 wakati wa gemu. Kwa saa tano kila siku, hizo ni uniti 27 kwa mwezi. Kasha la taa linalokula wati 350 litachukua zaidi ya 52. Nyumba yenye friji na feni ambayo kawaida inaishia uniti 40 itabaki salama kwa ile ya kwanza. Kwa ile ya pili itavuka 75, na uniti za juu ya hapo hutozwa zaidi ya mara tatu. Mama mwenye nyumba ataigundua hesabu hiyo kabla ya mwanawe, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Anaweza pia kuuliza kwa nini isinunuliwe PlayStation 4 kama ile ya kwenye kibanda cha mtaa. Swali ni la haki. Kijana anayetaka mpira tu, wa kucheza na wenzake sebuleni, PS4 iliyotumika itamtosha, maana hata FC 26 imetolewa kwa ajili yake. Kompyuta inashinda pale kifaa kilekile kinapotakiwa kifanye kazi za chuo asubuhi, kuhariri video ya harusi mchana, na gemu usiku. Kwa kaya yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja, hilo lina uzito wake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtumba wa ofisi nao una wake. Mnunuzi aombe sipiyu iwashwe mbele yake na gemu iendeshwe kwa nusu saa, si dakika mbili. Aingie BIOS aone kama imefungwa kwa nywila ya mwenye mali wa zamani, kwa sababu kuifungua ni kazi ngumu. Atazame nyuma: baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani zilizotoka Marekani, zina swichi nyekundu ya 115 na 230, na ikiachwa kwenye 115 umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku ya kwanza. Adai risiti ya EFD na muda wa dhamana ulioandikwa. Anayevutwa na bei za Mombasa, kuvuka Horohoro si mbali, ajue kwamba dhamana ya upande wa pili itamtaka avuke tena na mzigo.

Na Tanga ina hali yake ya hewa. Unyevu na chumvi ya bahari hula migusano ya shaba, joto la kaskazi hukausha haraka ile dawa ya kupozea prosesa ambayo tayari ina miaka saba. Fundi aipake upya siku ya kununua, apulize vumbi, na sipiyu iwekwe juu ya kibao, mbali na dirisha. Kadi iliyosafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam isafiri nje ya tundu lake, imefungwa peke yake.

Kwa wauzaji, ombi ni dogo. Waandike kwenye karatasi namba kamili ya prosesa, umbo la kasha, vipande vya RAM na wati za pawa saplai. Kwa maandishi hayo, mwenye laki nane atajua anachochukua. Mwenye laki nne naye ataona njia: achukue leo kasha kubwa la kizazi cha nane bila kadi, acheze Valorant, PES 2017 na GTA San Andreas kwa grafiki ya Intel UHD 630 iliyomo ndani ya prosesa, na kadi aifuate miezi sita mbele, tundu lake likiwa wazi linaingoja.